Biti ya kushoto kabisa

Jaribio lilipita kwenye mashine moja likagoma kwenye nyingine. Msimbo ni uleule, faili ya data ni ileile, na mashine zote mbili zinaendesha Linux. Nilipofungua ripoti, sehemu iliyopakwa rangi nyekundu ilikuwa fupi kuliko nilivyotegemea:

`lilitarajiwa: nan`
`limepatikana: -nan`

Kistari kimoja tu.

Programu yenyewe haina makuu. Inasoma safu mbili za namba, inagawanya ya kwanza kwa ya pili, inaandika jawabu kwenye faili nyingine. Kuna mstari ambao safu zote mbili zilikuwa na sifuri, na sifuri kugawanya kwa sifuri ni hesabu isiyo na jawabu, kwa hiyo kompyuta ikarudisha NaN, ile thamani ya kusema "hapa hakuna namba". Mpaka hapo hakuna la ajabu. Lakini mwenzangu niliyekuwa nikipitia naye ripoti akaniandikia: "Kaka, kitu ambacho si namba kinakuwaje hasi?"

Tatizo lenyewe tulilimaliza saa ileile. Programu sasa inaandika `nan` bila kutazama alama, jaribio limetulia, kazi nyingine zikaendelea. Swali lake ndilo lililogoma kuondoka. Wiki zimepita na bado nalibeba, ndiyo maana naandika.

Jibu la haraka lipo. Prosesa za x86, familia ya Intel na AMD, zikikutana na hesabu isiyo na jawabu hutengeneza NaN yenye biti ya alama (ile 0 au 1 inayosema namba ni chanya au hasi) iliyowashwa. Za ARM, familia nyingine ya prosesa, huiacha imezimwa. Kiwango cha IEEE 754, ambacho ndicho sheria ya hesabu za floti (namba zenye desimali ndani ya kompyuta) karibu kila mahali, hakisemi iwe ipi, kwa sababu hakiipi alama ya NaN maana yoyote. Hakuna prosesa iliyovunja sheria.

Ni jibu sahihi, na halikuniridhisha hata kidogo. Kama kuna mahali maalumu pa kuandika alama, na mahali hapo wakati mwingine pana kitu kisicho na maana, basi kujua alama ya namba ni zaidi ya kuchungulia mahali hapo na kusoma. Na sisi ndani ya mradi uleule tulikuwa tunachungulia kila siku.

## Kila aliyepita aliacha yake

Nilitafuta kwenye folda nzima kila fanksheni inayorudisha alama ya namba. Mradi una umri, na umepitia mikono mingi. Zilitoka tatu, kila moja imeandikwa na mtu mwingine, kila moja ikiamini iko peke yake.

Ya kwanza:

`return x / fabs(x);`

Ukiitazama haraka unaipenda. Namba ukiigawanya kwa ukubwa wake, kinachobaki ni 1 au -1, na hata ikiwa namba ni ndogo kiasi gani, jawabu ni 1 kamili bila vumbi la desimali. Ila mpe sifuri, anakurudishia NaN. Hilo wengi wanalijua. Lisilojulikana sana ni kwamba mpe infiniti, anakurudishia NaN vilevile, kwa kuwa infiniti kugawanya kwa infiniti haina jawabu. Hebu fikiria: katika floti zote, hakuna ambayo alama yake haina utata kama infiniti. Imekwenda mbali na sifuri hadi mwisho wa njia. Na ndiyo hiyo fanksheni hii inashindwa kusema iko upande gani.

Ya pili:

`return (x > 0) - (x < 0);`

Hii ni maarufu miongoni mwa waandishi wa C, na ina haki ya kuwa maarufu. Haina mgawanyo, haina `if`, na infiniti haiisumbui. Sifuri zote inazirudishia 0. Lakini mpe NaN. NaN haizidi sifuri, na haipungui sifuri, kwa kuwa ulinganisho wowote wa ukubwa na NaN ni uongo. Uongo kutoa uongo ni 0. Fanksheni inajibu "sifuri" kwa sauti ileile inayotumia kwa sifuri ya kweli.

Kwangu mimi, kati ya zote tatu, hii ndiyo ya kuogopwa. Ya kwanza ikishindwa inarudisha NaN, na NaN inachafua kila inachogusa mpaka mtu aione. Ya pili inapokea uchafu, inauosha, inaupitisha kama namba safi.

Ya tatu:

`return signbit(x) ? -1 : 1;`

Hii haifanyi hesabu. Inakwenda moja kwa moja kwenye biti ya kushoto kabisa. Floti ya biti 32 ina biti 1 ya alama, 8 za kipeo na 23 za sehemu. Ile ya biti 64 ina 1, 11 na 52. Ikiwa ya kwanza imewashwa, hasi, imezimwa, chanya. Haijui sifuri. Haijui NaN. Kila kitu kwake ni ama hasi ama chanya, na NaN yetu ya kwenye jaribio ingekuwa -1 kwenye mashine moja na 1 kwenye nyingine.

## Alama iliyoishi peke yake

Nilidhani mwanzoni kwamba nikichagua moja kati ya hizo na kuzifuta nyingine mbili nitakuwa nimemaliza. Nikajaribu kuchagua. Nikashindwa, na kushindwa huko ndiko kulikonifundisha jambo.

Namba kamili za kompyuta hazina biti iliyotengwa kwa ajili ya alama kwa maana hii. Zinatumia mpangilio ambao biti ya juu ina uzito hasi, na ndiyo maana namba kamili ya biti 32 inafika -2147483648 upande mmoja na kuishia 2147483647 upande mwingine. Ile hasi ya mwisho haina mwenzake. Ukiigeuza iwe chanya, inamwagika, maana haina pa kukaa.

Floti hazina shida hiyo. Alama iko kwenye biti yake, ukubwa uko kwenye biti zake, na kugeuza hasi kuwa chanya ni kugeuza biti moja tu. Hakuna kumwagika, hakuna kukadiria. Mpangilio huu ni wa zamani kuliko viwango vyenyewe: mashine ya Konrad Zuse ya mwaka 1941, Z3, ilikuwa na floti za biti 22, na moja kati ya hizo ilikuwa ya alama.

Uhuru huo una gharama yake. Alama ikishakuwa na biti yake, itakuwapo hata pale ambapo ukubwa ni sifuri. Itakuwapo hata pale ambapo hakuna namba. Huwezi kuiambia biti isiwe 0 wala 1.

Ndiyo hiyo inayotuletea sifuri mbili.

## Sifuri iliyotoka upande wa hasi

Andika `-0.0 == 0.0` katika lugha yoyote inayofuata IEEE 754, utaambiwa ni kweli. Halafu gawanya 1 kwa kila moja. Sifuri chanya inakupa infiniti chanya, sifuri hasi inakupa infiniti hasi. Vitu viwili vilivyo sawa, ukivifanyia jambo moja, vinatoa majibu yaliyo mbali kuliko majibu yoyote mawili yanavyoweza kuwa.

Watu wengi huishia hapo na kusema kwamba huu ni ugonjwa. Nami nimewahi kukaa upande huo kwenye mabishano, na hoja zake naziheshimu: ripoti inayomwonyesha msomaji "-0.00" inamfanya aulize maswali yasiyo na faida. Tatizo ni la kweli kiasi kwamba Python 3.11 iliongeza chaguo la `z` kwenye uandishi wa namba, kazi yake pekee ikiwa kuondoa kistari hicho pale namba inapokadiriwa kuwa sifuri.

Lakini William Kahan, aliyekuwa mhimili wa kiwango cha 1985 na akapata tuzo ya Turing mwaka 1989, aliitetea sifuri hasi kwa nguvu, na si kwa ubishi tu. Mwaka 1987 aliandika kuhusu fanksheni za namba changamano, zile zenye mstari ambao ukiuvuka jawabu linaruka ghafla. Chukua `atan2`, inayotoa pembe ya nukta. Nukta iliyo kushoto kabisa kwenye mhimili, ukiifikia kutokea juu, pembe yake ni 3.14159, ukiifikia kutokea chini, ni -3.14159. Zote mbili zina kimo cha sifuri. Kinachozitofautisha ni sifuri ipi. `atan2(0.0, -1.0)` inatoa ya kwanza, `atan2(-0.0, -1.0)` inatoa ya pili. Futa alama ya sifuri, na nusu ya majibu inahamia upande usio wake.

Na si wanahisabati peke yao. Ripoti za hali ya hewa za viwanja vya ndege, METAR, huandika halijoto katika digrii nzima na kuweka herufi M mbele ya halijoto iliyo chini ya sifuri. Ikiwa ni digrii -0.3, inakadiriwa kuwa sifuri, lakini haiandikwi `00`. Inaandikwa `M00`. Mtu anayeangalia uwezekano wa barafu kwenye njia ya kurukia anataka kujua ukubwa umekadiriwa, na anataka pia kujua ulikadiriwa kutokea wapi.

Sifuri hasi inasema hivyohivyo: hapa palikuwa na kitu, kilikuwa kidogo mno kuandikika, na kilikuwa upande huu.

## Pale nilipobadilika

Hoja za pembe na za METAR zilinigusa, ila hazikunihamisha. Kilichonihamisha ni mstari ambao nilikuwa nimeupita mara nyingi bila kuutilia shaka.

Katika kutafuta mahali ambapo fanksheni inapita sifuri, njia ya kizamani na ya uhakika ni kukata nusu kwa nusu. Una ncha mbili, `a` na `b`, na unajua thamani za huko zina alama tofauti. Unachukua katikati, `m`. Ikiwa alama ya `a` na ya `m` zinatofautiana, mpito uko kati yao. La sivyo uko upande wa pili. Vitabu vingi, na misimbo mingi mno, huandika swali hilo hivi:

`if (fa * fm < 0) b = m; else a = m;`

Hasi kuzidisha chanya ni hasi, kila mtoto wa shule anajua. Ni mstari mzuri.

Sasa weka floti za biti 32, na fanksheni ambayo imezidishwa kwa namba thabiti ya Planck, 6.62607015e-34 (e-34 ni kuzidisha kwa kumi kwa kipeo cha -34). Thamani ya `fa` ni karibu 1e-34, ya `fm` ni karibu -1e-34. Zote mbili zinaandikika vizuri. Zao lao ni -1e-68. Lakini floti ndogo kuliko zote ya biti 32 ni karibu 1.4e-45, kwa hiyo -1e-68 haina pa kukaa. Inakuwa sifuri.

Inakuwa sifuri hasi.

Na `-0.0 < 0` ni uongo. Mstari unasema alama zinafanana. Programu inaitupa nusu yenye jawabu na kuendelea kukata nusu isiyo na kitu, kwa bidii, mpaka inafika kwenye ncha na kuitangaza kuwa ndiyo jawabu. Haitoi onyo lolote.

Nilikaa nikalitazama zao lile katika biti zake. Biti 31 zote ni sifuri. Ya kushoto kabisa ni 1. Prosesa ilikuwa imejibu swali sawasawa. Alama ya zao huwa hasi pale tu alama za viungo vyake zinapotofautiana, na kanuni hiyo haivunjiki hata ukubwa ukizama kabisa. Jibu lilikuwapo, limeandikwa mahali pake, na ulinganisho wa `< 0` ukalipuuza. Ungeandika `signbit(fa * fm)` msimbo ungekwenda upande sahihi.

Hata hivyo nisingeuandika hivyo, kwa kuwa hakuna haja ya kuzidisha. `(fa < 0) != (fm < 0)` inatosha, baada ya kuhakikisha kwanza kwamba `fm` si sifuri yenyewe, kwani hapo utakuwa umeshafika. Lakini tangu siku hiyo siwezi tena kuiita sifuri hasi ugonjwa. Ilikuwa ndiyo shahidi pekee aliyebaki, nasi tukakataa kumsikiliza.

## Lugha nazo hazipatani

Hapo nikaacha kutafuta fanksheni "sahihi" nikaanza kuangalia lugha zenyewe zilivyoamua. Hazikuamua pamoja.

`Math.signum` ya Java na `Math.sign` ya JavaScript hurudisha 1, -1, au sifuri ileile uliyoipa pamoja na alama yake, na NaN kwa NaN. `signum` ya Rust haina sifuri kabisa: `0.0` inakuwa 1.0, na `-0.0` inakuwa -1.0. `Math.Sign` ya C# hurudisha namba kamili, na kwa kuwa namba kamili haina nafasi ya NaN, ukiipa NaN inatupa hitilafu na kusimamisha kazi. Swift inakupa `plus` au `minus` tu, hata kwa NaN. C na Go, kwa floti, zinakupa `signbit` na `copysign`, basi; ukitaka kingine jiandikie.

Tofauti ya Java na Rust inaonekana ya kitoto mpaka uandike msuguano. Nguvu ya msuguano inapinga mwendo, kwa hiyo msimbo unakuwa kitu kama `-k * signum(v)`. Kitu kikiwa kimesimama, `v` ni 0.0. Katika Java nguvu ni sifuri, kitu kinabaki kimetulia. Katika Rust `signum` inarudisha 1.0, nguvu inakuwa `-k`, na kitu kilichosimama kinasukumwa nyuma na msuguano. Hatua inayofuata mwendo ni hasi, kinasukumwa mbele. Kinaanza kutetemeka mahali kilipo, bila mtu kukigusa. Atakayehamisha msimbo huo kutoka lugha moja kwenda nyingine atakuta jina la fanksheni ni lilelile na atapita bila kusimama.

Rust haijakosea, lakini. Kama kazi yako ni kuhamisha alama kutoka namba moja kwenda nyingine, unataka 1 au -1, hutaki sifuri ije kuua zao lako. Fortran ililiona hilo mapema: `SIGN(A, B)` yake inapokea vitu viwili, ukubwa wa `A` na alama ya `B`. Haikuulizi alama ni nini. Inakuuliza unataka kuipeleka wapi, na `copysign` ya C ni mtoto wa wazo hilohilo.

Zamani niliona C ni bahili kwa kutotupa `sign`. Sasa nadhani ubahili huo una heshima ndani yake, maana ukilazimika kuandika mwenyewe, unalazimika kusema unauliza nini: je, biti imewashwa? Je, namba iko chini ya sifuri? Je, iko upande gani kati ya pande tatu? Ni maswali tofauti, na yanaachana hasa pale penye sifuri na NaN, ambapo ndipo matatizo hukaa.

## Alama ya uongo

Kuna swali jingine, nalo ni zito kuliko hayo yote, na hakuna fanksheni ya maktaba inayoligusa.

`0.1 + 0.2 - 0.3` kwa biti 64 inatoa 5.551115123125783e-17. Alama yake ni chanya. Njia zote tatu za mradi wetu zinakubaliana, kwa mara ya kwanza, na zote zinasema 1. `1 - 0.9 - 0.1` inatoa -2.7755575615628914e-17, na zote zinasema -1. Kwenye karatasi majibu yote mawili ni sifuri.

Tumesoma alama kwa usahihi mkubwa, lakini ni alama ya makombo ya ukadiriaji.

Dawa ya mtaani ni kuweka kizingiti: ukubwa ukiwa chini ya 1e-9, hesabu kuwa sifuri. Nimeiona kila mahali, na sijawahi kuipenda. Hiyo 1e-9 ni ya nini? Kwa namba za ukubwa wa Planck kila kitu ni sifuri. Kwa namba za mabilioni haizuii lolote. Na ukiitumia kulinganisha, utapata `a` sawa na `b`, `b` sawa na `c`, na `a` kubwa kuliko `c`, jambo ambalo msimbo wa kupanga orodha hauwezi kuvumilia. (Tukiwa kwenye kupanga: yule anayeandika `return (int)(a - b);` kama kilinganishi cha floti ajue kwamba 0.9 na 0.2 kwake ni sawa. Tofauti ni 0.7, ikikatwa desimali ni 0.)

Walioteseka zaidi na hili ni watu wa jiometria. Una nukta tatu, unataka kujua kama ya tatu iko kushoto au kulia kwa mstari unaopita kwenye mbili za kwanza. Jibu lote liko kwenye alama ya ditaminanti moja ndogo: mazao mawili, toa moja kwenye jingine. Nukta zikikaribia kuwa kwenye mstari mmoja, mazao yanakaribiana, tarakimu za mbele zinafutana, na zinazobaki ni zile zilizokadiriwa. Alama ikikosewa mara moja tu, pembetatu inapinduka, na programu inayoamini pembetatu zake inaweza kuzunguka milele.

Jonathan Shewchuk alichapisha mwaka 1997 njia ninayoiona kuwa mojawapo ya kazi za adabu zaidi katika fani hii. Hajali thamani ya ditaminanti, anajali alama tu. Basi anaipiga hesabu kwa floti za kawaida, na pamoja nayo anapiga hesabu ya kosa kubwa linaloweza kuwa limeingia. Ukubwa wa jawabu ukizidi kosa hilo, alama haiwezi kuwa imepinduka. Unaipokea na kuondoka. Usipozidi, anaongeza usahihi hatua moja na kuuliza tena, na ikibidi anaendelea hadi jawabu kamili lisilo na ukadiriaji. Mara nyingi hatua ya kwanza inatosha, kwa hiyo gharama ni ndogo.

Nilipenda kwamba kizingiti chake si namba ya kubuni. Kinatoka kwenye nukta zenyewe.

Na kuna pahali pamoja ambapo floti zinatupa alama ya kweli bure. Ukitoa floti moja kwenye nyingine, bila hesabu zaidi, alama ya tofauti huwa sahihi. Tofauti ni sifuri pale tu namba mbili zinapokuwa sawa. Ahadi hiyo inasimama kwa sababu IEEE 754 ina namba ndogo za dharura zinazojaza pengo kati ya sifuri na floti ndogo ya kawaida, ambayo kwa biti 64 ni karibu 2.2e-308. Chukua 3e-308, toa 2.5e-308: 5e-309, iko ndani ya pengo, inaandikika, ni chanya. Lakini prosesa nyingi zina hali ya kuongeza kasi ambayo humwaga namba hizo na kuweka sifuri. Iwashe, na namba mbili zisizo sawa zina tofauti ya sifuri.

Kompaila, zile programu zinazogeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine, nazo zina milango yao. `-ffast-math` ya GCC inaipa kompaila ruhusa ya kudhani kwamba NaN haipo na kwamba alama ya sifuri haina maana. Chini ya dhana hizo hata `isnan` inaweza kuondolewa kama kazi isiyo na faida. Bila bendera hiyo kompaila ni mwangalifu ajabu: haiwezi hata kufuta `+ 0.0` kwenye `x + 0.0`, kwa sababu sifuri hasi ukiijumlisha na sifuri chanya inakuwa chanya. Ila `x - 0.0` inaweza kuifuta. Nilipolisoma hilo nilitabasamu peke yangu mbele ya skrini.

## Tulivyofanya

Hatukufuta zile fanksheni mbili ili ibaki moja. Tuliifuta ile ya mgawanyo, hiyo haikuwa na mtetezi. Zilizobaki tulizibadilisha majina ili kila moja iseme swali lake: `biti_ya_alama`, inayosoma biti na kukiri hivyo, na `upande`, inayorudisha -1, 0 au 1. Kila mahali zilipokuwa zinaitwa ilibidi mtu asome mistari inayozunguka na kuamua palikuwa pakiulizwa nini. Ilichosha. Sehemu kadhaa ziligundulika kuwa hazihitaji alama hata kidogo. `X < 0` ilitosha.

Lililobaki ni NaN ndani ya `upande`. Mwenzangu anataka fanksheni isimame na kupiga kelele, kama ile ya C#, kwa hoja kwamba NaN ikifika hapo kosa limeshatokea nyuma na kila hatua ya mbele ni kulificha. Mimi nataka irudishe NaN, maana safu yenye mamilioni ya mistari isikatike kwa sababu ya mstari mmoja mbovu, na NaN itajionyesha yenyewe kwenye matokeo. Yeye ananiambia kwamba ikirudisha NaN lazima irudishe floti, na wanaoitumia kama faharasa ya orodha watavunjika. Hapo ana haki. Kwa sasa inasimama, na bendera ya kubadilisha tabia hiyo iko kwenye tawi langu ikisubiri apate muda wa kuipitia.